Kengele ya Moto ya Nyumba Nene

Jambo yenu bote! Mwaiseni, mukwai, ingieni! Benye banashimama ku mulango bakaribie. Kama hakuna kiti, ikaleni juu ya boksi za karto, ya betri tu njo muiache. Zimeni ile redio kidogo. Mwenye eko anakula, aendelee kukula: kinywa iko na kazi, lakini masikio haina kazi, basi munipe masikio.

Patron anasema mi, Ilunga, kwa vile naacha kazi, niandike yote niliona mu hii myaka ya kufunga kengele za moto, juu ninyi ba masomo mupate kujifunza. Niandike! Mi, mwenye masomo yangu ilikwisha siku mwalimu alinituma nichote maji, nikaenda, na paka leo sijarudi na ndoo. Nikamuambia Patron: kuandika sijui, kusema njo najua. Basi fundi mwenzangu Chola, ule dada anaikala pale na kalamu, njo anaandika. Mukikuta uongo ndani, ni kalamu ya Chola. Yangu yote ni kweli, paka ninaongezaka chumvi kidogo juu isioze, sawa samaki.

Habari ya kupanda cheo sitasema. Mi kintu nilipanda ni paka ngazi.

Nilivuka ziwa kutoka upande wa Congo nikiwa kijana, nabebea shangazi yangu magunia ya sabuni. Siku tulishuka hapa Nchelenge, upepo ulikuwa mukali, ule upepo wa kunyoa mutu ndevu bila kumuomba ruhusa. Pale ku maji nikaona mutu mufupi anagombana na ngazi ndefu. Upepo unamuzungusha: yeye anataka kwenda soko, ngazi inamupeleka kanisa. Batu banacheka. Mi nikashika upande wa nyuma. Njo vile niliingia kazi. Hakuna barua, hakuna maswali ya ku biro. Nilishika nyuma ya ngazi, na niliiachilia wiki jana.

Ule mutu mufupi alikuwa Ba Mulenga, fundi wa umeme. Akiikala mu kiti miguu yake haifike chini, lakini ukimupa ngazi, anafika fasi malaika banaanikaka nguo. Akaniuliza:

"We, unaogopa kwenda juu?"

"Ba tata, kwetu nilipanda muti ya mawese murefu, mpaka nikaona Lubumbashi."

Akaniangalia. "Na Lubumbashi ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inakula bukari, tata."

Akacheka, akanipa turunevisi. Yeye aliiita skrudraiva, mi naiita turunevisi, tukabishana ile neno mwezi muzima, na misumari ya vis ilikuwa inaingia tu, haijali luga.

Siku yangu ya kwanza kabisa, munaijua, juu batu ba hapa banaiimba. Ba Mulenga alikuwa juu mu plafon, kati ya mbao na mabati, joto ya kupika mayai. Akatoa kichwa ku tundu, akapiga kelele: "Ilunga! Leta fishi! Mbio!" Mi Kingereza nilikuwa najua maneno ine tu, ya biashara: gudi, nogudi, hamachi, na fishi. Nikajisemea, mukubwa ana njaa, na joto ile, maskini. Nikakimbia mpaka ku maji, nikachagua moja nono, ingali inacheza mukia, nikakimbia tena, nikapanda, nikaiweka mu mukono wake wenye ulikuwa unangoja ku tundu. Mukono ukashika. Ukapapasa. Ukapapasa tena. Kisha sauti ikatoka kule juu, pole pole:

"Ilunga. Hii ni nini?"

"Fishi, ba tata. Ya leo leo."

Kumbe fishi ya mafundi ni ule waya mugumu wa kusukuma mu bomba juu uvute waya ingine! Mi nitajua wapi? Mutu anaishi pembeni ya ziwa, unamuambia alete fishi, unafikiri ataleta waya? Ba Mulenga hakunikaripia. Alinitumikisha paka saa sita, tukachoma ile samaki, tukala, na wakati tulibakiza mifupa njo alinionyesha fishi ya kweli. Tangu ile siku, fundi yeyote wa hapa akitaka ule waya, ananiuliza kwanza: "Ya kukauka ao ya mubichi?"

Bintu bingi munanionaka nafanya, ni vya Ba Mulenga. Ile brosi ya rangi mu mufuko yangu ya shati, haiko ya rangi. Ni ya kusafisha ditekta, kile kisahani cheupe cha ku plafon chenye kinanusa moshi. Buibui anapenda kuingia mule kujenga, na ditekta haijui buibui, inafikiri ni moshi, inalia. Nusu ya moto yote nilikimbilia mu maisha yangu ilikuwa na miguu munane. Tena ile kalamu nene nyeusi: ukiweka betri, andika tarehe juu yake, hata kama uko na akili ya kukumbuka. Mi niko na akili ya kukumbuka, nakumbuka mpaka bintu bile havikutokea, lakini ya betri ninaandikaka. Na kugonga ukuta na kidole. Ba Mulenga aligonga ukuta sawa mama anachagua tikiti sokoni, anaweka sikio, anasema, "Hapa kuko mbao. Hapa kuko bomba. Hapa kuko panya, na analala."

Mbele ya kuwaambia ya Nyumba Nene, acheni niseme kidogo ya depo ya samaki ya kukausha, juu iko na somo. Mwenye depo alikuwa anachomea samaki nyuma ya ukuta. Kila siku moshi unaingia, ditekta inalia, kila siku, saa ileile. Tulisafisha, tulibadilisha, tuliomba Mungu. Kumbe hatukufikiri: fasi ya moshi ya kila siku hauweki kintu cha kunusa moshi. Unaweka ditekta ya joto, ile haijali moshi, inangoja joto njo ilie. Tukaweka. Siku ya kwanza kengele haikulia, na bamama ba ile kartie, mutaa muzima, balichelewa kuweka sufuria ku moto, juu kengele yetu njo ilikuwa saa yabo. Mabwana ba watu bakakuya kunitukana mi.

Kisha kengele za bila waya zikakuya. Ditekta iko ku plafon peke yake na betri yake, inasema kwa redio na paneli, kile kisanduku kikubwa cha ku mulango, sawa bavuvi banaitana bwato kwa bwato. Ba Mulenga aliigeuza mu mukono, akaniuliza, "Waya yenye haionekane, nitaivuta na nini?" Ule mwaka akapumuzika kazi. Mi nikabaki, na nikamuchukua Chola mu kazi, mwenye anajua kusoma kitabu ya paneli. Yeye anasoma, mi nagonga. Ukituunganisha, tunakuwa mutu mumoja wa masomo na mwenye masikio.

Bon. Nyumba Nene.

Munaijua, kule juu ya kilima, njia ya kwenda Kabuta. Ba padri ba zamani balijenga na matofali ya kuchoma, na ukuta yake ni nene: ukianza kuingia mu mulango asubui, unafika ndani saa sita, umechoka, unaomba maji. Zamani balilala ba padri. Leo ni nyumba ya bamama ba mimba. Juu mwanamuke wa Kilwa ao wa Chisenga, bile visiwa bya mu ziwa, hawezi kungoja uchungu uanze njo atafute bwato. Anakuya mbele, wiki mbili, tatu, anaikala pale, anapika, anasukana nywele na benzake, anangoja siku yake. Klinik iko pale chini, kutembea kidogo tu. Na mwenye kuchunga ile nyumba na bamama ni Mama Bupe, muzalishaji. Nusu ya ninyi hapa mulipita mu mikono yake mukiwa uchi, basi mumuheshimu.

Ile nyumba iko mu kitabu ya serkali ya nyumba za zamani. Ukitoboa ukuta yake hata tundu ya sindano, utaitwa. Njo maana tangu zamani tuliweka kengele ya bila waya. Mi mwenyewe nilisaidia kuiweka. Na ile kengele ilizeeka pamoja na mi: ilianza kulia bila sababu na kunyamaza bila sababu. Benye balizitengeneza baliacha kuzitengeneza, betri zake hazipatikane tena. Na betri ikikaribia kufa, ditekta inasema "pi!" sawa kifaranga. Bamama hawakulala. Basi balizitoa. Moja niliikuta mu debe ya unga, imefungwa mu chitenge mara tatu, na ingali inasema "pi."

Alors, inspekta akakuya kutoka Mansa. Mutu mwembamba, akigeuka upande unamupoteza. Akabonyeza kengele. Mu vyumba saba, vyumba tatu tu njo vilisikia. Akaandika. Kisha akamuambia Mama Bupe:

"Mama, narudi siku ya ine ya wiki yenye inakuya. Nitabonyeza tena. Kila mutu mwenye eko ndani asikie, atoke. Hesabu ya inje iwe sawa na hesabu ya ndani. Kama hata mumoja anabaki bila kusikia, nafunga nyumba."

"Na bamama?"

"Barudi kwabo."

"Kwabo ni mu maji, mukubwa," Mama Bupe alisema.

Akashuka kilima mpaka hapa ku atelye, karakana yetu, na apron yake yangali na unga. Akasimama pale fasi ule mwenye shati nyekundu anaikala. Akasema: "Ilunga, mwaka jana mama mumoja alichelewa kuvuka. Alizalia mu bwato, katikati ya ziwa, na mvua inapiga. Mungu alisaidia. Lakini mi sitaki Mungu asaidie kila siku, na Yeye apumuzike. Utaniwekea kengele yenye inafika chumba yote?"

Nikamuambia: "Mama Bupe, nitakuwekea kengele yenye itasikika mpaka Kilwa." Mumeniona. Hata wakati wa kuogopa, kinywa yangu haiogopi.

Tulianza siku ya kwanza ya wiki. Tulitoa za zamani, moja moja, na pale zilitoka ikabaki alama nyeupe ya duara ku plafon, sawa mwezi. Tukaweka mupya paka mu matundu ya vis ya zamani, tundu mupya hakuna. Jikoni, ditekta ya joto. Hiyo munaijua sasa. Kisha tukaanza kupima redio. Chola anashika kamashini ka mukono kenye taa: kijani ni muzuri, nyekundu ni hapana. Chumba ya kwanza, kijani. Ya pili, kijani. Mpaka ya sita. Tukafika chumba ya mwisho, kule ba padri balichungaka vitabu byabo, na mulango yake balipiga bati yote juu muchwa asikule mbao. Tukafunga mulango. Nyekundu. Tukasogeza. Nyekundu. Chola akafungua kitabu.

"Ba Ilunga, kitabu inasema redio yake inafika mita mia moja."

"Uambie kitabu ikuye ishike hii ukuta."

"Tukitoboa kidogo tu..."

"Toboa, kisha mi nitakuletea chakula mu gereza. Napika vibaya."

Tulishinda pale mpaka mangaribi. Mama Bupe anapita, anaangalia tu ile taa nyekundu, anapita tena. Ni hapo nikasikia mama wa chumba ya mwisho anaita mwenzake wa chumba ya sita, anataka chumvi. Hakufungua ule mulango wa bati, ni muzito sana. Alitoa kichwa ku dirisha. Na mwenzake akatoa mukono ku dirisha yake, chumvi ikapita inje. Nikapiga kelele: "Chola! Leta bosta!" Bosta ni kile kisanduku chenye kinachukua redio kinaipeleka mbele. Tulikuwa tunaiweka mu korido, redio inagonga bati inakufa. Tukaiweka ku fremu ya dirisha ya chumba ya sita, pale kulikuwa matundu ya pazia ya zamani, redio itoke inje, izunguke, iingie ku dirisha ya chumba ya mwisho, sawa chumvi. Kamashini: kijani! Nilicheza juu ya ngazi. Musinifuate ku hiyo.

Siku ya pili tukajaribu sirene. Haya, sikilizeni upumbavu yetu.

Munajua mashua ya bachuruzi ba chisense, bale samaki bidogo bidogo. Ikikaribia inapiga sirene, batu banakimbia na mabeseni. Na mashua ya kurudi Kilwa, ikitaka kuondoka, sirene ileile. Mi nikabonyeza. Kengele mupya ikalia, na masikio yangu yakaniambia, Ilunga, hii sauti unaijua. Bamama bakasimama bote. Nikafurahi! Nikamuambia Chola, "Ona vile banatii." Bakabeba mifuko yabo, masufuria, mikeka, mumoja alibeba na kuku, bakatoka mu mulango, bakapita ile fasi ya kukusanyika bila kuiangalia, bakashuka kilima na matumbo yabo, bakapanga mustari ku maji. Banangoja mashua! Na tukigeuka upande ule mungine, batu ba kartie beko banapanda kilima na mabeseni ku kichwa. "Chisense iko wapi? Tulisikia!" Mama mumoja hakukubali kurudi beseni tupu. Alinishika shati. "We papa, sirene umepiga, samaki umeficha wapi?"

Mama Bupe alicheka mpaka akaikala chini. Kisha akaacha kucheka. "Ilunga," akasema, "kama ni moto ya kweli, benye bako inje bataingia na mabeseni."

Basi sirene tukaitoa. Chola akasoma mu kitabu, ile mashini inaweza kusema na sauti ya mutu. Ndani muliwekwa dada wa Kingereza, sauti laini sana. Tukamuachilia. Bamama bakaacha kazi, bakanyamaza, bakamusikiliza mpaka mwisho. Mumoja akasema, "Huyu habari yake inasomeka muzuri. Eko wa Lusaka?" Hakuna mwenye alitoka.

Tukaita katekista, mutu wa adabu, akasema ndani ya mashini mu Kibemba: "Bane, mukwai, napapata, fumeni panse, kuli umulilo." Jamani, ndugu zangu, ninawaomba, tokeni inje, kuko moto. Adabu tupu, hata moto ingeona haya. Tukabonyeza. Bamama bakajibu bote pamoja, "Ee, mukwai," bakaendelea kusukana nywele.

Hii ilikuwa siku ya tatu, jua inaanza kushuka, na inspekta anakuya kesho. Chola aliikala juu ya boksi ya turunevisi, uso mu mikono. Mi nikasema maneno mawili ya kuchekesha, hazikuchekesha. Mama Bupe akatoka jikoni, anapangusa mikono.

"Nipe kile kintu."

Chola akamupa. Mama Bupe akavuta pumuzi. Na akatoa ile sauti yake ya kazi, ile yenye anatumiaka chini ku klinik wakati mama anasema hawezi tena. Siwezi kuwapigia, plafon itaanguka. Maneno yalikuwa haya: "Inje! Tokeni inje! Fumeni panse! Mwenye eko ndani atoke! Atoke sasa!" Kiswahili kwa benye balivuka, Kibemba kwa ba hapa.

Tukabonyeza. Mi nilikuwa ngazi ya munane. Sikumbuke ya saba mpaka ya kwanza. Chola, mwenye alirekodi mwenyewe, mwenye alijua ni mashini, alikimbia mpaka ku muhogo ya jirani. Mbuzi aliruka ua ya lupango. Na bamama? Bote! Bila mufuko, bila sufuria, bote pale ku fasi ya kukusanyika, banaulizana, "Nimefanya nini? We umefanya nini?"

Siku ya ine inspekta akafika na karatasi yake na saa yake. Akapita mu vyumba vyote saba, akaandika majina. Bamama kumi na mbili. Chumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Kyungu, Mukongo sawa mi, bwana yake anavua kule Chisenga. Inspekta akafunga ule mulango wa bati yeye mwenyewe, akausukuma na bega kuhakikisha. Kisha akarudi ku paneli, akaniangalia, akabonyeza.

Sauti ya Mama Bupe ikajaa mu ile nyumba. Matofali ya ba padri yalisimama wima. Bamama bakatoka mbio, mustari muzuri, na mi nasimama pembeni na ngazi yangu, kifua mbele, sawa mi njo nilizaa ile sauti. Inspekta akaanza kuhesabu. Mumoja, mbili, tatu. Mpaka kumi na moja.

Akahesabu tena, kutoka ule upande mungine. Kumi na moja.

"Mama Kyungu eko wapi?"

Mama Bupe akanishika mukono ya shati, na vidole byake vikaingia mpaka ku nyama. Mi niliona kile chumba, ile bati, ile taa nyekundu ya siku ya kwanza. Nilifikiri: bosta imeanguka. Nilifikiri bwato, na mvua. Inspekta alitoa kalamu ku sikio.

Chola hakungoja. Aliingia ndani mbio, tukasikia mulango wa bati unalia, akatoka mbio tena, pumuzi hakuna. "Hamuna mutu! Kitanda iko na joto, mutu hamuna!"

"Ndani hayuko," inspekta akasema, "inje hayuko. Sasa nitaandika nini?"

Ni hapo tukasikia sauti, nyuma ya nyumba. Haikuwa sauti ya kuita. Mi sikuijua, lakini Mama Bupe aliijua, alikimbia na kiatu moja, ingine ilibaki mbele ya inspekta. Kumbe Mama Kyungu alisikia wa kwanza kuliko bote! Alisukuma ule mulango wa bati na bega, ukajifunga nyuma yake, akapitia mulango mudogo wa nyuma ya nyumba, juu ni karibu na chumba yake. Na kumbe tangu asubui eko na uchungu, anauma meno, anapangusa jasho, hasemi kintu, juu asiharibu siku ya Mama Bupe. Alitoka vizuri, akazunguka kona ya nyumba juu akuye kuhesabiwa, na pale ku kona mimba ikakataa kungoja.

Bamama kumi na moja bakatoa vitenge byabo vya juu, bakashika sawa ukuta, ukuta ya maua na kuku na nanasi. Sisi banaume Mama Bupe alitupigia kelele tugeukie ziwa. Tukageuka, mi, inspekta na katekista mwenye alikuya kushuhudia, mustari, tunaangalia maji sawa batu banangoja mashua. Sijui dakika ngapi. Klinik ilikuwa pale chini, hata machela haikupata wakati ya kupanda kilima. Na kule nyuma yetu Mama Bupe eko anasema na ile sauti yake, sasa bila mashini.

Kisha mutoto akalia. Nimefunga sirene mingi mu maisha yangu, ndugu zangu. Hakuna yenye ilifika ile.

Bamama bakapiga vigelegele. Katekista akasahau adabu yote, akanikumbatia pamoja na ngazi. Chola alikuwa analia, asikatae, kalamu yake imesimama sasa juu anajua ni kweli. Paka inspekta, maskini, bado anaangalia ziwa, karatasi mu mukono, mutu wa kazi. Akauliza bila kugeuka:

"Mama Bupe, samahani. Mama Kyungu alisikia kengele?"

"Alisikia! Alipitia nyuma!"

"Basi ni kumi na mbili. Sawa." Kalamu ikaandika. Kisha ikasimama. "Lakini sasa inje kuko kumi na tatu. Huyu wa kumi na tatu hayuko ku liste. Niandike nini? Alikuwa ndani, ao hakuwa ndani?"

Mi, Ilunga, nikaanza kuhesabu na vidole. Na kutoka nyuma ya vitenge, Mama Kyungu, na pumuzi ya mwisho yenye alibakiza, akapiga kelele:

"Alikuwa ndani kuliko bote, mukubwa! Andika: na yeye alisikia, akatoka!"